Ushauri wa kuongeza wati kwa chatu asiyekula ni wa hatari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni juu ya jibu lililochapishwa hivi karibuni katika safu yenu ya maswali ya wasomaji. Mwenzetu mmoja anayeishi huku Uingereza alieleza kwamba chatu wa mwanawe amekataa kula, na kwamba kidhibiti joto cha kizimba, yaani kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima mkeka wa umeme ulio chini ya nyoka, kinaonyesha nyuzi 18 usiku na mchana ingawa mkeka wa joto umewashwa muda wote, naye akashauriwa anunue mkeka wenye wati nyingi zaidi. Mimi ni fundi umeme, na nyumbani kwangu hapa Leicester tunafuga chatu wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo nasema bila kumumunya maneno kwamba ushauri ule unaweza kumbanika nyoka akiwa hai.

Najua wasomaji wengi watashangaa kwamba jambo hili linaandikiwa barua. Mama yangu, aliyeko Tabora, aliposikia kwamba ninamlipia nyoka bili ya umeme, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama watoto wanakula vizuri. Lakini watoto wetu wamekulia huku, wamewapenda wanyama wanaofugwa huku, na chatu huyu, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme, ni mwenyeji wa Afrika Magharibi na ya Kati ambaye hawezi kuishi katika baridi ya hapa bila kupashwa joto. Upande mmoja wa kizimba chake unapaswa kuwa na nyuzi 31 au 32 hivi, na upande wa pili nyuzi 25 au 26, ili achague mwenyewe pa kulala. Akikosa joto hushindwa kusaga chakula, hukitapika, na mapafu yake huugua. Hofu ya yule mzazi ina msingi. Kosa ni kuiamini namba iliyo kwenye kioo cha kidhibiti kabla ya kuuliza imepimiwa wapi.

Majira ya baridi yaliyopita yalitukuta mambo yale yale. Kidhibiti chetu kilisoma nyuzi 17, taa yake nyekundu ya kuonyesha kwamba mkeka unapata umeme haikuzima hata mara moja, na chatu alikuwa amejikunja nyuma ya bakuli la maji, kwenye pembe ya mbali kabisa. Mwanangu alikuwa tayari amechagua mkeka mkubwa zaidi wa kununua. Nilipoingiza mkono na kugusa sakafu upande wa mkeka niliutoa haraka, kwa maana palikuwa pakali kama bati la paa saa saba mchana, na kipimajoto cha kupimia kwa mbali kilisoma nyuzi 46. Nilipogeuza kizimba ndipo nilipoona kwamba kihisio, yaani ile ncha ndogo iliyo mwishoni mwa waya wa kidhibiti, kilikuwa kimechomoka kwenye tundu la hewa siku ya usafi, kikawa kinaning'inia nyuma kwenye ukuta wa chumba. Kidhibiti kilikuwa kinapima ukuta, kinaona baridi, na kinaendelea kuuamuru mkeka uwake. Magamba ya tumboni mwa nyoka yalikuwa yameiva mahali pamoja, upana wa sarafu. Daktari wa wanyama alitupa dawa ya kupaka, nasi tukatandika karatasi za magazeti badala ya maranda kwa wiki kadhaa ili kidonda kisichafuke.

Kwa hiyo namba ya chini inayoambatana na mkeka usiozima ni dalili ya kwanza kabisa ya kihisio kilichohama, na mtu akiongeza wati katika hali hiyo anaongeza moto penye moto. Kinyume chake pia hutokea: kihisio kikigusana na taa ya joto, kidhibiti huzima mapema na kizimba chote hubaki baridi huku kioo kikionyesha namba ya kupendeza. Kihisio kinapaswa kufungwa imara mahali nyoka anapolala upande wa joto, pale asipoweza kukisukuma, kwa kuwa chatu ana nguvu kuliko gundi ya karatasi.

Namna ya kuhakikisha haina gharama kubwa. Mzazi yule aweke kipimajoto cha pili, kisichohusiana na kidhibiti, juu ya sakafu upande wa joto, asubiri kwa muda wa saa mbili, kisha alinganishe. Vile vya duara vyenye mshale, vinavyobandikwa kwenye kioo cha kizimba, mimi sivitegemei. Ikiwa kweli sakafu ni baridi, atazame kwanza fyuzi iliyo ndani ya plagi, maana plagi za Uingereza, kama zile za nyumbani Tanzania na Kenya, zina fyuzi yake. Ikiwa nzima, achomoe mkeka na kuupima kwa mita ya fundi: mkeka wa wati 20 kwenye umeme wa volti 230 huonyesha ukinzani wa omu 2,600 hivi, na mita isiposoma kitu waya wa ndani umekatika. Hapo ndipo penye haki ya kununua mwingine, tena wa wati zile zile.

Kuna jambo moja zaidi ambalo jibu lenu lilipaswa kuuliza, nalo ni mkeka ule ulikotoka. Sisi tulio ughaibuni tunatumiana vitu, na mkeka uliotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, ukichomekwa hapa kwa adapta isiyopunguza volti, hautoi joto mara mbili kama watu wanavyodhani, bali karibu mara nne. Wati 20 zinakuwa zaidi ya 70, chini ya tumbo la mnyama ambaye mara nyingi huendelea kulala juu ya kinachomuunguza mpaka ngozi imeharibika. Vilevile bakuli zito likikaa juu ya mkeka, au maranda yakilundikana, joto hukosa pa kutokea na kujikusanya hapo hapo.

Naongeza kwamba chatu wa aina hii, hasa dume aliyekomaa, anaweza kugoma kula miezi kadhaa ya baridi ingawa kila kitu kizimbani kiko sawa. Wetu alikula panya siku ya tisa baada ya kihisio kurudishwa, lakini nisingeapa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu.

Ninaomba jibu lile lirekebishwe katika toleo lijalo, na kama mna njia ya kumpata yule msomaji kabla ya hapo, aambiwe auzime mkeka usiku huu na kuugusa kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaenda dukani.

Fundi umeme,
Leicester, Uingereza