Mashine ya kunolea visu isichaguliwe kwa wati

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo kurasa zenu za vifaa vya nyumbani hulipitia juujuu. Kila zinapoandikwa habari za mashine za umeme za kunolea visu, msomaji huelezwa kwanza mota ina wati ngapi, kisha kisu kitanolewa kwa dakika ngapi, na mwisho mashine inapatikana kwa rangi zipi. Kwa visu vya jikoni, ambavyo bapa lake ni jembamba na kazi yake haitoki kwenye ubao wa kukatia, maelezo hayo pengine yanatosha. Lakini mwenye visu vya kazi za nje, yaani kisu cha kambini, cha kuwindia, cha uvuvi au cha kuchongea mti, pamoja na panga na kishoka ambavyo kwa kawaida hukaa pamoja navyo, akifuata maelezo hayo anaweza kununua kifaa kitakachokila kisu chake badala ya kukinoa.

Swali linalostahili kutangulia ni jinsi mashine inavyodhibiti joto na pembe ya makali. Wati hueleza tu mota inakula umeme kiasi gani, na mota kubwa iliyofungwa jiwe la kasi hufanya uharibifu haraka kuliko mota ndogo.

Nianze na joto, kwa kuwa ndilo lisiloonekana. Kisu hushika makali kwa sababu chuma chake kilitiwa matiko: kilipashwa moto mkali, kikapozwa ghafla mpaka kikawa kigumu lakini rahisi kuvunjika, halafu kikapashwa tena moto wa wastani ili kipate ustahimilivu bila kupoteza ugumu mwingi. Kwa vyuma vingi vya kawaida vya kaboni, moto huo wa pili huwa karibu na nyuzi 200 za Selisiasi. Makali yakipata joto kubwa zaidi ya hapo wakati wa kunoa, ugumu hupungua, na hakuna kinoo kitakachourudisha isipokuwa kusaga na kuondoa sehemu yote iliyolegea. Wengi hujipa moyo kwamba wataona rangi. Ni kweli kwamba chuma kinachoungua hubadilika rangi, kikaanza kuwa manjano kama majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kikawa kahawia baada ya 250 na buluu kinapokaribia 300. Shida ni kwamba ukingo wenyewe wa makali ni mwembamba mno kuweza kusambaza joto, hivyo huungua wakati bapa likiwa bado halijapata hata uvuguvugu mkononi, na alama ya rangi iliyotokea pale ukingoni husagwa na mpito unaofuata wa jiwe kabla jicho halijaiona. Kisu hutoka mashineni kikinyoa nywele za mkono, mwenyewe akafurahi, lakini kikikutana na mti mkavu makali hulala upesi. Hapo hulaumiwa chuma, au kiwanda kilichokitengeneza.

Joto hilo hutokana zaidi na kasi ambayo jiwe au mkanda unapita juu ya makali, na kasi hii inaweza kukokotolewa na mtu yeyote mwenye kipenyo cha jiwe na idadi ya mizunguko. Grinda ya mezani yenye jiwe la milimita 150, ikitumia umeme wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, maana yake uso wa jiwe hupita kwa takriban mita 22 kila sekunde. Mashine ya jiwe la maji kama Tormek T-8 inayotoka Uswidi ina jiwe kubwa zaidi, la milimita 250, lakini linazunguka mara 90 tu kwa dakika, sawa na mita 1.2 kwa sekunde, tena sehemu ya chini ya jiwe ikiwa ndani ya maji muda wote. Tofauti ni karibu mara 19. Sisemi grinda ya mezani haina kazi nyumbani. Inafaa sana kwa jembe, kwa shoka lililomeguka vibaya na kwa patasi inayotakiwa kuanzishwa upya, ikiwa mshikaji anachovya chuma majini kila mara. Kwa kisu siipendekezi. Grinda ya mkono, ile ya kukatia vyuma, sioni sababu ya kuijadili ingawa picha za watu wakinolea mapanga kwayo hazikosekani mitandaoni.

Pembe ni suala la pili, na hapa mashine nyingi ndogo za jikoni hushindwa wazi. Hizo zenye mipasuo ambamo kisu huvutwa hutengenezwa kwa pembe moja au mbili zisizobadilika, mara nyingi nyuzi 15 au 20 kila upande. Kisu cha kazi za nje huhitaji nyuzi 20 hadi 25 kila upande ili makali yasikunjike kwenye mti mgumu, na panga huweza kwenda mpaka 30. Tena mgongo wa kisu cha kambini huwa na unene wa milimita 3 hadi 5, na mipasuo mingi haikukusudiwa unene huo: ama kisu hakiingii, ama huingia kwa kubanwa kikatoka na mikwaruzo ubavuni. Isitoshe, kuta za mpasuo huzuia jiwe lisifike pale makali yanapokutana na mpini. Ukinoa hivyo kwa muda mrefu, sehemu ile isiyoguswa hubaki juu na makali mengine yote hushuka, mpaka kisu kikilazwa juu ya ubao mwanga unapita chini yake.

Visu vya mtindo wa Skandinavia vinastahili tahadhari ya peke yake. Hivi havina mteremko mdogo wa makali (yaani uso uliosagwa kimshazari kuelekea ukingoni) uliokaa juu ya mteremko mkubwa. Vina mteremko mmoja bapa unaoanza karibu na katikati ya kisu mpaka kwenye makali, na mchongaji huulaza juu ya mti ili kisu kijiongoze chenyewe. Mashine ya mpasuo itaukata mteremko wa pili pale ukingoni, na sifa iliyomfanya mtu akinunue kisu hicho itakuwa imekwisha.

Mashine za mkanda wa msasa ndizo ninazoziona zinafaa nyumba nyingi, kwa masharti. Mfano unaojulikana ni Work Sharp ya Marekani, ambayo toleo lake liitwalo Ken Onion humruhusu mtumiaji kuchagua pembe kati ya nyuzi 15 na 30 na pia kupunguza au kuongeza kasi. Mkanda hauna ugumu wa jiwe. Hubonyea kidogo unapoguswa na makali, kwa hiyo huacha mteremko wenye mbinuko. Kwa panga, kishoka na kisu cha kupasulia kuni mbinuko huo ni faida, kwa kuwa nyuma ya makali kunabaki chuma kingi cha kuyategemeza. Kwa kisu cha Skandinavia ni hasara ileile niliyoitaja. Mwenye visu vichache vya kuchongea, patasi kadhaa na subira ya kutosha afikirie jiwe la maji. Mwenye mchanganyiko wa visu, panga na shoka achukue mkanda, lakini wenye kasi inayorekebishwa. Mashine ya mkanda yenye kasi moja ya juu, iliyokusudiwa kulainishia mbao au vyuma, humtaka mtu mwenye mkono uliozoea.

Kuna mambo mawili ya matumizi ambayo huamua kama mashine nzuri italeta matokeo mazuri, na maelekezo ya kwenye boksi huyataja kwa ufupi mno. La kwanza ni ncha. Mtu huvuta kisu kutoka mpinini hadi nchani na kuendelea mpaka kitoke kabisa nje ya mkanda. Wakati ncha inapotoka, mkanda hujikunja juu yake na kuila, na baada ya kunoa mara kadhaa kisu kilichokuwa na ncha kali kinakuwa na ncha butu ya mviringo kama kidole gumba. Inatakiwa mvuto usimame ncha ikiwa bado katikati ya upana wa mkanda, kisha kisu kiinuliwe moja kwa moja. La pili ni kuhakiki pembe kwa wino. Paka mteremko wa makali kwa kalamu ya wino mzito, pitisha kisu mara moja kwa mguso mwepesi, kisha tazama. Wino ukifutika sehemu ya juu ya mteremko na kubaki ukingoni, pembe uliyoweka ni ndogo mno na unasaga ubavu tu. Ukifutika ukingoni peke yake, pembe ni kubwa. Baada ya hapo, upande mmoja hunolewa mpaka utepe mwembamba sana wa chuma ujikunje upande wa pili kwa urefu wote wa makali, nao huhisiwa kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kukifuatisha juu ya makali. Utepe huo lazima uondolewe kwa kupitisha makali juu ya ngozi, ambayo katika mashine nyingine huwa ni gurudumu. Gurudumu la ngozi likizunguka kuelekea kwenye makali badala ya kuyakimbia, kisu kitachimba ngozi na huenda kikarushwa.

Kuhusu namba za msasa, ambazo zikiwa ndogo chembe huwa kubwa na kali zaidi, kisu kilichochoka tu hakihitaji kuanzishwa na 120. Namba hiyo iachiwe makali yaliyomeguka. Anza na 400, malizia na 600 na ngozi kidogo. Kung'arisha makali ya kisu cha nje mpaka yawe kama kioo ni anasa, na kwa kukata kamba makali yenye mikwaruzo midogo hufanya kazi vizuri zaidi. Chuma chenyewe nacho kiulizwe mapema. Vyuma vya kisasa vyenye vanadi nyingi, kama S90V, vina chembe ngumu kuliko oksaidi ya alumini iliyomo katika mawe na mikanda ya kawaida, kwa hiyo mwenye kisu cha namna hiyo aulize kabla ya kununua kama mashine hiyo ina jiwe au mkanda wa almasi.

Usalama hauhitaji maneno mengi: miwani, barakoa ya vumbi, nguo zisizoning'inia, na mikono mitupu, kwa sababu glavu ikinaswa na gurudumu huvuta mkono mzima. Cheche zisirukie vumbi la mbao. Aliyeagiza mashine ya volti 120 na hezi 60 akumbuke pia kwamba transfoma hurekebisha volti lakini haigusi hezi, na mota nyingi za mezani zitazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi zikitumiwa kwenye umeme wa hezi 50.

Ombi langu kwa dawati lenu ni kwamba mtakapochapisha tena ulinganisho wa mashine hizi, jedwali lionyeshe kasi ya uso wa jiwe au mkanda kwa mita kwa sekunde, pembe ndogo na kubwa zaidi inayowezekana, unene wa kisu unaoweza kuingia kwa milimita, na kama mikanda na mawe ya akiba yanauzwa peke yake na kwa namba zipi.

Wenu,
Msomaji