Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, daktari wa macho, Busia

Mheshimiwa mgeni rasmi Daktari, mama hedmistresi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, tunawasalimu kwa heshima na poleni na jua, hii tenti ndiyo tuliyoweza kukodi.

Daktari, mwaka huu klabu yetu imeshughulika na kitu kimoja tu, konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Ilianza hivi, baba wa mwenzetu ni welda, siku moja akachomelea geti bila miwani, usiku macho yakawa kama yamejaa mchanga akashindwa kulala, tukadhani ndo basi, lakini kesho kutwa yake yuko kazini kama kawaida. Wakati huohuo bibi wa mwenzetu mwingine jicho lake moja liko na ukungu miaka sasa na haliponi, daktari aliyemuona alisema seli za ndani ya konea zimeisha. Sasa sisi tukajiuliza, konea si ni hiyohiyo?

Kumbe konea ina seli za nje na seli za ndani, na tabia zao haziendani kabisa. Za nje zimepangana safu 5 mpaka 7. Zile za juu kabisa zimebanana ukingo kwa ukingo, hata machozi na vijidudu havipenyi katikati yao. Zinazofuata zimeshikana kwa desmosomu, hizi ni kama vifungo vya shati, na ndani ya seli kuna nyuzi za keratini zimefungwa kwenye vifungo hivyo, kwa hiyo ukisugua jicho seli hazitawanyiki. Safu ya chini imejishikiza kwenye utando kwa nusu desmosomu. Na zinazaliwa upya, kama wiki moja hivi na za juu zote zimeshabadilishwa, ndo maana yule mzee alipona.

Seli za ndani ndo zilitutoa jasho. Ni safu moja tu, pembe sita kama masega ya nyuki, kijana anazo karibu 3000 kwa kila milimita mraba. Kuta zao za ubavuni zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili, lakini viungio vyao havijafungwa kabisa, vinavuja, na vinavuja kwa faida manake konea haina mishipa ya damu, chakula chake kinapenya na maji ya ndani ya jicho. Tatizo ni kwamba konea yenyewe inapenda maji kama sponji, ikishiba inavimba na kuwa nyeupe. Kwa hiyo kwenye hizo kuta za ubavuni kuna pampu za sodiamu za kutoa hayo maji, na ndani ya seli mitokondria zimejaa tele kuzipa nguvu, zinafanya kazi usiku na mchana. Wale wa Majanji, kule ziwani, wataelewa haraka, ni mtumbwi unaovuja na kuna mtu ndani anafua maji, akiacha tu mnazama. Tena wanaofua hawaongezeki, kwa binadamu seli hizi hazizaliani kujaza pengo, mmoja akifa majirani wanajinyoosha tu wazibe nafasi yake, na zikishuka mpaka kama 500 maji yanashinda. Jicho la bibi ndo limefika huko, na hapo hata miwani haisaidii.

Tulijaribu wenyewe, tukakata konea ya jicho la ng'ombe kutoka machinjioni tukailoweka kwenye maji, asubuhi imevimba na nyeupe kama nyama ya nazi. Mwenzetu mmoja alikataa chai siku hiyo.

Shida zetu si nyingi. Hadubini ni moja na lenzi yake imepasuka, hizo pembe sita tumeziona kwenye picha tu, hatujawahi kuziona kwa macho yetu. Tunaomba utusaidie kupata nyingine, hata iliyotumika. Pia tunaomba miwani ya welda kwa wazazi wetu wa pale barabarani.

Na swali moja, Daktari. Japani wameshakuza seli hizi za ndani maabara na kuzidunga kwenye macho ya wagonjwa, majibu yalitoka 2018. Bibi anataka kujua kama asubiri hiyo au akubali kupandikizwa konea ya marehemu. Yuko pale mstari wa pili, ana kitenge cha kijani.

Macho mengine ya ng'ombe yako kwenye ndoo chini ya mwembe, ukipenda kuyaona tunaomba iwe kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.