Barua kwa Zuhura: Sikandar Begum hakuwa mke wa mtawala

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana. Bakari ameniletea mchezo wako wa redio, nimeusoma wote na nimeupenda. Nakuandikia mbiombio kabla hamjarekodi: pale unapomwita Sikandar Begum "mke wa mtawala", tafadhali pafute.

Kwingi India Begum, yaani bibi mkubwa, alikuwa mke wa Nawab, mtawala wa Kiislamu, ni kweli. Lakini Bhopal, dola ndogo ya katikati ya India, wanawake wanne walitawala kati ya 1819 na 1926. Wa kwanza wao, Qudsia, alifiwa na mumewe akiwa na miaka 18, mtoto wa kike mkononi, akatangaza mbele ya wakubwa kuwa mrithi ni yule binti. Binti huyo ndiye Sikandar wako! Mume wa Sikandar, Jahangir, alishika utawala miaka michache tu, akafa 1844. Sikandar akaendesha nchi kwa niaba ya binti yake, Shah Jahan, hadi 1860 Waingereza walipomtambua yeye mwenyewe kuwa mtawala. Hakutawa, alipanda farasi, na 1863 alikwenda Makka kuhiji, akaiandika safari yake. Mtu huyo unamwitaje mke wa fulani?

Cheo chake ni Nawab Sikandar Begum, vyote viwili, na Nawab ndiyo yenye uzito. Asili yake ni moja na naibu wetu: Manawab walikuwa manaibu wa mfalme wa Kimughal, nasaba iliyoitawala India, kabla hawajajitawalia. Wasikilizaji watakuelewa mara moja. Hata Nizam, cheo cha mtawala wa Hyderabad, ni nidhamu yetu hiyo hiyo: Nizam-ul-Mulk, mwenye kuuweka ufalme katika mpango.

Maharaja wa Jaipur umemweka vizuri, ila mwongezee sifa ya Sawai, yaani moja na robo, aliyewazidi wenzake kwa robo nzima. Ukoo wao ulipewa sifa hiyo na Aurangzeb, mfalme wa Kimughal, na wakajivunia nayo vizazi na vizazi.

Lakini narudi kwa Sikandar, maana ndiye aliyeninyima usingizi. Anapoingia barazani, mpiga mbiu amtaje kwa cheo kamili, watu wanyamaze, ndipo aseme. Wasichana wa Mwalimu Rehema watausikiliza mchezo huu darasani.

Je, mnarekodi lini? Nani anaigiza sauti yake, yule binti wa Pangani? Kuna nafasi ya kumtaja Qudsia japo kwa sentensi moja? Na mguu wa baba unaendeleaje? Nijibu kwa mkono wa Bakari, Ijumaa anarudi huku.

Wako,
Salma