Boti ya resi ichaguliwe kwa kilo za watoto wa leo

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa wenu wa barua juma lililopita akiwashauri wazazi wa huku Pwani wanaotaka watoto wao waingie resi za boti za tanga. Alisema wanunue boti ya mitumba iliyo kubwa kidogo, kwa kuwa watoto watakua wakiwa ndani yake na pesa haitatoka mara mbili. Mimi ni fundi wa faiba hapa Mtwapa. Boti hizi za watu wawili huletwa kwangu zikiwa na nyufa, na wazazi huniita nikaziangalie kabla ya kulipa. Ushauri ule utawaumiza watoto, kwa hiyo naomba nafasi niujibu.

Sare ya shule hununuliwa kubwa na mtoto akaikulia bila madhara. Boti ya tanga haiendi hivyo. Kinachoizuia isilale ni uzito wa waliomo, wanapoegemea nje joshini, upande unakotoka upepo. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga huongezeka mara nne, na mtoto ni yule yule. Yeyote aliyetazama resi za mashua Lamu ameona mabaharia wakitoka nje juu ya ubao unaotokeza pembeni mwa chombo ili kisimame. Wale ni wanaume wazima. Sasa chukua watoto wawili wa miaka 13, mmoja ana kilo 40 na mwenzake kilo 46. Hao ni kilo 86 kwa jumla, na alasiri upepo wa kusi unapokolea hawana kingine cha kuishikilia boti yao.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni mizani, au waazime ya duka la jirani. Wapimeni watoto wote wawili, mjumlishe, ndipo muangalie matangazo ya boti.

Naona kuna boti za aina ya Fireball na 470 zinazouzwa kwa bei inayovutia. Fireball, iliyochorwa na Peter Milne mwaka 1962, ina urefu wa mita 4.93, ina spinaka, lile tanga kubwa la mbele linalojaa kama puto upepo ukitoka nyuma, na baharia wa mbele hutoka nje akining'inia kwenye waya wa mlingoti. Ni boti nzuri sana kwa mtu mzima na mwenzake. 470 ni boti ya Olimpiki tangu 1976, na pale Paris mwaka 2024 iliendeshwa na mwanamume na mwanamke pamoja. Jina la Olimpiki huwapofusha wazazi. Kilo 86 ndani ya 470 siku ya upepo, watoto watashinda majini wakiinyanyua boti, na baada ya wiki chache mmoja atasema anaumwa na tumbo kila Jumamosi. Nimewaona watoto hodari wakiuacha mchezo huu kwa namna hiyo, na inanisikitisha kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba tatizo lilikuwa boti.

Kwa watoto wa uzito huo ningetafuta Cadet au Mirror. Zote mbili zina mkono wa Jack Holt wa Uingereza. Cadet ni ya mwaka 1947 na ilikusudiwa tangu mwanzo kwa watoto na vijana wasiozidi miaka 17. Ina urefu wa mita 3.22, na zaidi ya matanga yake madogo mawili ina spinaka, kwa hiyo mtoto hujifunza kazi zote za boti kubwa katika kipimo chake. Mirror ilitoka mwaka 1963. Holt aliichora pamoja na Barry Bucknell, na lililoisukuma kwa umma lilikuwa gazeti, Daily Mirror, ndiyo maana ikapewa jina hilo na matanga mekundu. Mhariri, gazeti liliwapa watoto wa nchi nzima boti ambayo baba aliweza kuiunda nyumbani: mbao nyembamba za plaiwudi zilizoshonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vikafunikwa kwa utepe wa faiba na rezini, ile gundi inayoigandisha faiba. Mlingoti wake ni mfupi na juu yake hupanda foromali, jambo ambalo mtoto wa baharia wa hapa halimshangazi. Mirror ikioza kona, seremala yeyote mzuri wa Kilifi ataitengeneza.

RS Feva nayo ni ndogo, mita 3.64, na watoto huipenda. Ila imefinyangwa kwa plastiki ya polithini, na rezini haishiki kwenye polithini. Ufa wake unataka kuchomelewa kwa plastiki ya aina ile ile na mtu anayeijua kazi hiyo. Mkiletewa Feva ya mitumba, uangalieni upande wake wa chini kama haujabonyea mahali ilipokalia toroli. Plastiki iliyowekwa vibaya juani huchukua umbo la kile inachokalia.

Iliyobaki ni 420, ambayo wengi wataiona sokoni. Mfaransa Christian Maury aliichora mwaka 1959, mita 4.20, kilo 80 bila mlingoti na matanga, na vijana wengi wa dunia wamepitia humo kabla ya kwenda 470. Inawafaa wawili wanaofika kilo 110 hivi na kuendelea. Kama watoto wenu wana kilo 100, na klabu iliyo karibu nanyi ina 420 nyingine za kushindana nazo, siwakatazi. Resi ya boti moja si resi. Lakini waanze asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, spinaka ibaki ufukweni, na matanga yakazwe yawe bapa upepo unapopanda. Mwepesi ashike usukani, na mrefu zaidi, hata akiwa mwembamba, awe mbele kwenye waya, kwa sababu urefu wake huongeza nguvu ya kilo zake. Na muulize ni 420 ipi. Marekani wana yao ya vilabu na vyuo, nzito zaidi na imara zaidi, na hiyo haishindani na ile ya kimataifa ingawa zinafanana machoni. Muuzaji akiwa na cheti cha kuonyesha boti imepimwa na kukubalika katika resi za aina yake, kichukueni.

Sasa kuhusu kuikagua, na hapa ndipo pesa za wazazi hupotelea. Rangi msiitazame. Pigeni magoti, mbonyeze sakafu kwa viganja vyote viwili, hasa kuzunguka mguu wa mlingoti na pembeni mwa nafasi ya ubao wa kati, ule unaoshushwa majini ili boti isisukumwe ubavu. Mahali panapobonyea na kurudi, tabaka zimeachana ndani. Gongeni kwa kifundo cha kidole mkienda polepole: penye uzima hulia kwa ukavu, palipooza hutoa sauti nzito, ya kufa. Boti laini hupindika kwenye mawimbi na kuula mwendo, na uzito mdogo wa watoto hauwezi kuufidia. Kisha ipimeni uzito boti yenyewe. Ikizidi kile ilichotengenezwa nacho kwa kilo nyingi, imekunywa maji ndani ya povu lililo kati ya tabaka zake, na maji hayo hayatoki kwa kuanikwa wiki moja.

Matangi ya hewa yajaribiwe. Fungeni vizibo vyote isipokuwa kimoja, mpulize hewa taratibu hapo huku mwenzenu akipaka maji ya sabuni kwenye viungo, na palipo na mapovu pana tundu. Kazi hii haichukui hata nusu saa. Tangi linalovuja ndilo linalofanya boti iliyopinduka isinyanyuke, na watoto wako majini.

Waya zinazoushikilia mlingoti zipitisheni ndani ya kitambaa. Uzi wake mmoja ukinasa, waya huo ubadilishwe, hakuna kuufunga kwa tepu. Angalieni ribiti za chuma kisichoshika kutu zilizopigwa kwenye mlingoti wa aluminiamu, maana chumvi ya bahari yetu hula aluminiamu kuzunguka ribiti mpaka inageuka unga mweupe. Mlingoti uliopinda ukiwa umelazwa chini, achaneni nao. Ni sehemu ghali mno kuisafirisha kutoka nje.

Matanga ya mitumba yana hadithi yake. Muuzaji atasema ni mazima kwa kuwa hayajachanika. Yatandikeni mchangani. Kitambaa kikiwa kimelegea kama shuka la kufuliwa mara nyingi, tumbo la tanga limeshahamia nyuma, na tanga la hivyo huilaza boti kuliko kuisukuma. Mtu mzito ataivumilia, mtoto mwepesi hataweza. Heri boti yenye mikwaruzo na matanga mazuri kuliko boti inayong'aa yenye matanga yaliyochoka.

Kipimo cha mwisho ni cha watoto wenyewe. Kabla ya kulipa, siku ya utulivu, kwenye maji ya kina cha kutosha ili mlingoti usichome chini, wavae jaketi za kuokolea na waipindue boti kwa makusudi, mtu mzima akiwa karibu ndani ya boti nyingine. Wapande juu ya ubao wa kati, wainyanyue, waingie, wayatoe maji. Wakishindwa wawili peke yao, boti hiyo si yao, hata ikitolewa bure. Muuzaji anayekataa jaribio hilo muachieni boti yake.

Naelewa hofu ya yule msomaji kuhusu pesa. Mapato ya wazazi wengi wa huku si ya kununua boti kila baada ya miaka michache. Lakini Cadet au Mirror iliyotunzwa huuzika tena, kwa maana kila mwaka kuna watoto wengine wa kilo 40. Wazazi wa watoto wanne wakiungana wanunue mbili za aina moja, tayari wana resi, vipuri vya kuazimana, na wakubwa wakivuka kilo 110 wanazikabidhi kwa wadogo zao na kuhamia 420.

Na kama ununuzi ni wa mwaka huu, ufanyike mapema, boti ziwe majini wakati wa tangambili, upepo ukiwa bado haujajua uelekee wapi. Kusi itakapoingia, watoto wawe wameshazoea kuzinyanyua.

Fundi wa faiba,
Mtwapa