Studio ya uchoraji si darasa lililoondolewa madawati

Mhariri,

Chuo kikuu kinapotenga chumba cha kufundishia uchoraji, fedha huanza kwenda kwenye stendi za kuchorea, vigoda na makabati. Tunaziomba kamati za majengo zianze na dirisha. Kabati huhamishwa, dirisha halihamishiki.

Mwanga unaofaa studio ni ule usiobadilika upesi. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, dirisha huelekezwa kaskazini, na katika nusu ya kusini likaelekezwa kusini, ili miale ya jua isiingie moja kwa moja. Karibu na Ikweta kanuni hiyo haitoshi, maana jua hupita upande wa kaskazini sehemu ya mwaka na upande wa kusini sehemu nyingine. Hapo huhitajika kivuli cha nje au kioo chenye ukungu. Dirisha liwe juu ya usawa wa macho. Mwanga unaoshuka kutoka upande mmoja huweka kivuli kimoja kinachosomeka kwenye uso wa mtu au tumbo la chungu. Madirisha yakitazamana, vivuli hugombana, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulaumiwa kwa kutoelewa umbo ambalo kwa kweli halionekani.

Kwa vipindi vya jioni, taa ziwe za kelvini 5000 hivi (kelvini hupima rangi ya mwanga, kutoka manjano hadi buluu), na kipimo chake cha kuonyesha rangi kama zilivyo kisipungue 90 kati ya 100. Chumba chenye taa za manjano humfanya mtu akoroge kijani usiku na kukikataa asubuhi. Kuta zipakwe kijivu hafifu, kwa sababu ukuta wa rangi kali huimwaga rangi yake juu ya kila kitu kilicho karibu.

Nafasi ndiyo hukosewa zaidi. Ili jicho lishike mwili mzima wa mtu aliyesimama, mchoraji akae mbali naye angalau mara mbili ya urefu wake, yaani mita 3.5 hivi. Chumba chenye upana wa mita 8, jukwaa la modeli, yaani mtu anayekaa ili achorwe, likiwekwa katikati, waliosimama kandokando watabanwa ukutani na hawatapata pa kurudi nyuma kutazama kazi zao. Heri jukwaa, la kimo cha sentimita 40 hivi, lisogezwe karibu na ukuta mmoja, wachoraji wajipange nusu duara: wa vigoda mbele, wa stendi nyuma. Kama chumba hicho kina urefu wa mita 10, sisi tungeingiza watu 15. Ratiba ikiwapangia 30, wagawanywe makundi mawili. Anayetumia mkono wa kushoto apewe mahali ambapo mwanga unamjia kutoka kulia, asije akachora ndani ya kivuli cha mkono wake.

Mvuke wa tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi ya mafuta, ni mzito kuliko hewa. Feni ya dari huuzungusha tu chumbani. Kinachotakiwa ni feni ya kutoa hewa nje, iliyofungwa chini, na mlango wa hewa safi upande wa pili. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye kikapu, kwani mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatupwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na pipa limwagwe kila siku. Plasta nayo isioshwe kwenye sinki, itagandia ndani ya bomba. Ndoo mbili za maji zinatosha kuioshea.

Utulivu nao hupangwa. Modeli akae dakika 20, apumzike 5, na nyayo zake ziwekewe alama za tepu kabla hajashuka. Mlango uwe na pazia kwa ndani, anayechelewa asimwanike modeli mbele ya kila apitaye ukumbini. Hali ya joto ipimwe kwa mwili wa modeli, asiyesogea na pengine hana nguo, wala si kwa wachoraji wanaosogeasogea.

Kisha kuna turubai mbichi, yaani zenye rangi isiyokauka, ambazo wachora ramani za majengo karibu wote huzisahau. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kabla ya kukauka juu. Pasipo rafu ya kuzisimamisha moja moja, zitaegemezwa ukutani, na ya mbele itang'oa rangi ya ile ya nyuma.

Wakufunzi wa uchoraji