Askari wetu akimshuku mshirika, ampelekee nani taarifa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wajibu usiosemwa sana wa askari wetu wa Tanzania wanaolinda amani mashariki mwa Kongo: kutoa taarifa wanaposhuku kwamba wanajeshi wa serikali ya nchi hiyo, FARDC, ambao ndio washirika wao vitani, wamewatesa au kuwabaka raia.

Shaka hiyo ina msingi. Mwishoni mwa Novemba 2012, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, wanajeshi wa FARDC waliokuwa wakirudi nyuma walifika Minova, kando ya Ziwa Kivu, wakapora na kubaka wanawake na wasichana zaidi ya 100. Miongoni mwa wanajeshi hao walikuwamo wa batalioni ya 391, iliyofunzwa na Marekani mjini Kisangani mwaka 2010. Katika kesi ya maovu hayo iliyomalizika Goma mwaka 2014, washtakiwa walikuwa 39, lakini waliotiwa hatiani kwa ubakaji ni wawili tu. Naamini kesi za aina hii hudhoofika tangu siku za mwanzo, pale ambapo hakuna aliyeandika ni kikosi gani kilikuwa wapi, saa ngapi, na chini ya amri ya nani.

Kisheria kuna mwanya. Ibara ya 87 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, inamtaka kamanda azuie na kuripoti maovu ya askari wake na ya wengine walio chini ya mamlaka yake, ilhali mshirika ana makamanda wake mwenyewe. Hata hivyo, ibara ya kwanza ya Mikataba hiyo ya Geneva inaidai kila nchi si kuiheshimu tu, bali pia kuhakikisha inaheshimiwa, na sera ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 inakataza kuyasaidia majeshi yanayohofiwa kutenda maovu makubwa. Ni kwa sera hiyo MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, ilikataa, mapema mwaka 2015, kuunga mkono operesheni ya FARDC dhidi ya waasi wa Kihutu wa Rwanda, FDLR, iliyokabidhiwa majenerali wawili wenye tuhuma. Nauheshimu uamuzi huo, ingawa uliigharimu MONUSCO ushirikiano na Kinshasa. Lakini sera kama hiyo haiwezi kufanya kazi bila taarifa kutoka kwa askari wa doria.

Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu nchini Afghanistan, ambako askari wake walisimulia kuambiwa kwamba makamanda wa huko kuwanajisi wavulana ni mila za wenyeji. Mkaguzi mkuu wa wizara yake ya ulinzi alipochunguza mwaka 2017, alikuta tuhuma 16 tu kwa kipindi cha 2010 hadi 2016.

Askari wa Tanzania ana sababu chache zaidi za kunyamaza. Mama wa Beni, mashariki mwa Kongo, akimlilia, anamlilia kwa Kiswahili, bila mkalimani, na askari anaelewa kila neno. Baada ya kuelewa hivyo, hawezi kuachwa apime peke yake kama aseme au anyamaze, huku akijua kwamba kamanda wa FARDC anayetuhumiwa ndiye atakayelinda ubavu wake kwenye doria ya kesho.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Ulinzi ilieleze Bunge mambo ambayo hayafichui siri yoyote ya kivita: taarifa ya askari inapokewa na nani, inapaswa kufika makao makuu ndani ya muda gani, na aliyeitoa analindwaje asirudishwe nyumbani kwa kisingizio cha utovu wa nidhamu. Zaidi ya yote, wizara ieleze jina la mwathirika linafichwaje, kwa sababu taarifa inayokabidhiwa FARDC ikiwa na jina na kijiji cha msichana aliyelalamika inaweza kumrudisha mikononi mwa watu walewale.

Msomaji wako,
Dar es Salaam