Barua ya wazi kwako kaka, kuhusu ile Ijumaa Doha

Kaka shikamoo. Najua umeniblok WhatsApp kwa hiyo naandika hapa, yule shangazi yetu ataiforwadi tu. Harusi nimesikia, hongera sana, mchango nimeshampa mama. Ila ile Ijumaa haijanitoka.

Yule Mnepali wa kitanda cha chini, kaka. Mechi zetu zote za Simba na Yanga alikaa nasi haelewi hata neno, tukiruka na yeye anaruka. Siku moja tu akaomba tivii aweke filamu ya kwao, Aama ya mwaka 1964, nyeusi na nyeupe. Haikufika mbali, ukachomoa waya, ukasema kwa Kiingereza kusudi asikie, eti na hawa nao wana sinema? Jamaa akatabasamu, akauzungushia ule waya kwenye vidole polepole, akaurudisha kwenye begi, akalala kageukia ukutani.

Wanayo kaka. Hiyo Aama ndiyo filamu ya kwanza kutengenezwa ndani ya Nepal, serikali yenyewe iliigharamia, na inamhusu kijana aliyekwenda kuwa askari jeshi la India sasa anarudi kwao likizo. Yaani mtu wa kutafuta maisha nje! Sisi tuliojazana chumba kile tulikuwa kina nani? Mwaka 1966 ikaja Maitighar, kaicheza Mala Sinha, huyo huyo wa filamu za Kihindi za enzi za baba, na mpaka leo kuna njia panda Kathmandu inaitwa hivyohivyo Maitighar, maandamano mengi yanaanzia hapo. Kinachowaumiza ni kwamba Kihindi wanakisikia, basi filamu za Bollywood zinaingia kwenye majumba yao bila hata tafsiri, zinachukua skrini zote. Halafu vita vya waasi wa Kimao, wale wakomunisti wa kumfuata Mao, 1996 mpaka 2006, nani atatoka usiku kwenda sinema? Na bado wakainuka, 2012 ikatoka Loot, vijana wa Kathmandu wanapanga kuiba benki, kumbi zikajaa. Mwaka huohuo wewe ulimlilia Kanumba mpaka ukagoma kula, ndo maana sikuelewi, mtu unayejua msanii wa kwenu ni nini.

Nakushauri, kabla hujaoa zoea kumwachia mwenzio rimoti. Na usianze kusema mbona na mimi nilikaa kimya. Ningesemaje? Wewe ndo ulinitafutia kazi, nauli ulinikopesha (nikalipa yote, mama shahidi), nilipoumwa homa ulinikorogea uji kwenye birika la umeme na kazini hukwenda. Ule ukimya ulikuwa heshima, wewe ni mkubwa wangu. Na usiku ule mimi ndo nilimwomba jamaa link, nikaimaliza kwenye simu chini ya blanketi, sasa hapo nani alimtetea?

Halafu tivii yenyewe tulichangishana chumba kizima, yeye akatoa sawa na wewe. Daftari la michango ninalo mimi, ukibisha naliposti hapahapa.